Prosesa Niliyokataa Kuirudisha

Kabula mwanangu,

Wewe mtoto una miguu au huna? Kutoka huko ulikopanga mpaka hapa Makanyagio ni bodaboda ya muda mfupi, vumbi halijatulia umeshafika. Lakini tangu mvua ziishe hujakanyaga uwanja huu. Karanga tumevuna, tumeanika, tumemenya, hujaja. Babu yako ameumwa kifua, amepona, hujaja. Unatuma salamu kwa simu kama mtu aliyeko Ulaya. Halafu leo asubuhi unatokea na begi mgongoni, umesimama mlangoni, viatu hujavua. "Bibi, nimepata kazi Dodoma, kwenye duka la kompyuta. Kesho alfajiri napanda basi." Chai ukakataa. Kiti ukakataa. Ukampa babu yako mkono wa kushoto, kwa kuwa wake wa kulia haunyooki, mimi ukaniangalia kama unamwangalia mtu wa kodi, ukaondoka.

Nimekasirika mpaka nimemwaga uji. Nikawa nafuta sakafu huku nasema peke yangu, nani amemfundisha huyu mtoto kusimama mlangoni kwao kama mgeni? Jibu likaja kabla sijamaliza kufuta. Ni mimi.

Ndiyo maana naandika. Ningekupigia, lakini kwenye simu mimi napiga kelele, wewe unanyamaza, mpaka salio linaisha hatujaongea kitu. Na stendi alfajiri ningeishia kugombana na kondakta juu ya begi lako. Mwandiko wangu unaujua. Shule sijakaa hata siku moja, hizi herufi nilifundishwa kanisani nikiwa tayari nina wajukuu, na mpaka leo zinatembea kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Vumilia. Nimeanza ulipotoka tu, sasa jua limeshahamia upande wa jikoni na bado naandika. Babu yako amelala barazani kwenye mkeka. Jirani yetu Mama Shija anapita huko kwako jioni, nitampa mfuko wa michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, na hii barua ndani yake.

Sitakuambia ule nini, ulale saa ngapi, wala ukimbie wanaume wa aina gani. Hayo nimekuambia tangu baba yako alipokuleta kwangu ukiwa unatambaa, ukawa mwanangu kuliko hata yeye. Kama hayakuingia, hayataingia leo. Mimi nataka tuongee habari ya ile prosesa.

Ndiyo, nalijua jina lake sasa. Zamani nilikuwa nasema "kile kidude." Kwa hiyo usicheke.

Unakumbuka kompyuta ilivyoingia humu ndani. Uliikusanya wewe mwenyewe, kipande hiki umetoa huku, kingine umebadilishana kule, ukaiunganisha na tivii pale sebuleni. Mimi nikanung'unika kwamba inakula umeme. Baada ya wiki nilikuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti nikisubiri filamu. Jumapili baada ya ibada nyumba inajaa, huyu anataka mpira, yule anataka kwaya, na mimi nagawa vikombe kama mwenye hoteli. Nilijisikia sana, mwanangu. Kule kijijini Kasansa nilijulikana kwa ng'ombe. Hapa mjini hakuna aliyenijua mpaka hiyo kompyuta ilipokuja.

Halafu babu yako akapata kiharusi. Nesi akasema vidole vya mkono wa kulia visiachwe vilale, vikilala vitasahau kazi. Mimi nikampa maharage achambue. Akachambua kidogo, akaona aibu, akayasukuma. "Hii kazi ya wanawake." Wewe hukubishana naye. Ulileta ile pedi ya gemu, ukamwekea mkononi, ukamfungulia ile gemu ya malori.

Mungu wangu, yule mzee! Mtu ambaye hajawahi kushika usukani maisha yake yote. Siku ya kwanza aligonga uzio, akagonga nyumba ya watu, akatumbukia mtaroni. Lori akalipa jina la yule dume wetu wa jembe, Songambele. Akawa anaongea nalo vilevile kama alivyoongea na ng'ombe shambani: "Haya, pole pole. Kulia. Kulia nimesema! Wewe Songambele, una masikio ya nini?" Wewe umekaa chini miguuni kwake unacheka mpaka unashika mbavu. Naye anakuambia, "Mchumba, huyu mke mwenzako asiye na kazi mwambie alete chai." Nami nawajibu kutoka jikoni kwamba chai hii ni ya mke mkubwa, mke mdogo achemshe yake.

Vidole vilianza kurudi. Uliona, niliona. Alianza kufunga kifungo cha shati peke yake. Kimoja, cha chini, lakini alifunga.

Tatizo likawa kompyuta kuchoka. Filamu inakwama mtu akiwa mdomo wazi. Lori likifika kwenye lile daraja refu la gemu, linasimama, picha inaganda, babu yako anabonyeza mpaka anatoka jasho. "Songambele amegoma darajani." Ukasema prosesa, ule ubongo wake, ni ya zamani sana, haiwezi tena, tubadilishe. Nikasema sawa, nitauza ndama. Nikauza.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize, maana siku zote umedhani bibi yako alikosea kwa kutokujua. Ningekuwa nimekosea kwa kutokujua, ningelala vizuri.

Wewe ulinieleza. Nilikuwa naosha sufuria pale nje, ukachuchumaa kando yangu. Ukasema, "Bibi, kwetu hapa hatuhitaji kubwa. Tunaangalia filamu, mpira, na Babu anaendesha lori lake. Tunataka prosesa inayoelewana na bodi tuliyonayo, yenye picha ndani yake, isiyopata joto sana. Pawa saplai yetu ni ndogo, ndiyo inayogawa umeme mle ndani, ukiipa mzigo mkubwa haiwezi. Na feni ikipiga kelele sebuleni nyie wenyewe mtakuja kuniambia nizime."

Nikasema, "Mm." Hiyo "mm" yangu unaijua. Maana yake mtu ameshaacha kusikiliza.

Mwanangu, kila neno ulilolisema siku ile mimi nalijua tangu ujana wangu. Kule Kasansa watu walikuwa wananiita niwachagulie ng'ombe wa jembe. Wanaume wazima, wenye mifugo yao, wanatuma mtu: mwite mama, aje aangalie. Kwa sababu wao waliangalia ukubwa wa dume, mimi niliangalia mwenzake atakayefungwa naye nira. Dume kubwa ukilifunga na dogo, mstari wa jembe unapinda, dogo linachubuka shingo, kubwa linajifunza uvivu, na jioni huna shamba. Babu yako aliwahi kupenda dume jeusi, kubwa kama nyumba, nikamkatalia mbele ya rafiki zake kwa sababu Songambele asingeliweza. Alinuna mwezi mzima. Lakini shamba letu lililimwa.

Kwa hiyo ulichoniambia pale kwenye sufuria ni habari ya nira. Ungeniambia kwa ng'ombe ningekuelewa mara moja. Nimejitetea hivyo kwa muda mrefu, kwamba huyu mtoto angesema kwa lugha yangu. Sasa naona ni upuuzi. Hukutakiwa kunisemea kwa ng'ombe. Mimi ndiye niliyetakiwa kukusikiliza kwa kompyuta.

Tukaenda dukani. Yule baba mwenye duka akaniamkia vizuri, akanipa stuli kule pembeni kwenye maboksi, akageuka kwako. Mkaanza. Bodi, soketi, ramu, sijui nini. Mnaelewana, mnachekeana. Hela ziko kwenye fundo la kanga yangu, lakini hakuna anayeniangalia. Nikajiona kama mzigo uliobebwa na bodaboda ukaachwa mlangoni. Miaka yote ile watu wananisubiri niseme neno juu ya ng'ombe, na sasa nimekaa kwenye stuli, mjukuu wangu anajua na mimi sijui.

Nilikuonea wivu, Kabula. Ndiyo neno lenyewe. Nimelizunguka tangu masika, leo nimelishika.

Nikasimama. "Ipi kubwa?"

Yule baba akasema, "Bibi, zote mbili zinaingia kwenye bodi yenu. Hii ndogo ina picha ndani. Hii nyingine ina nguvu zaidi, ila haina picha, lazima..."

"Nimeuliza ipi kubwa."

"Hii hapa."

"Funga hiyo."

Ukanishika mkono. "Bibi, hiyo haina picha ndani."

Nikakujibu kwa sauti, ili duka zima lisikie, "Picha ziko kwenye tivii, mjinga wewe! Umeona wapi mtu ananunua ng'ombe anauliza kama ana maziwa kwenye pembe?" Watu wakacheka. Nikafurahi walivyocheka. Na wewe ukanong'ona basi tusimwachie ile ya zamani tuliyokuja nayo, tuiweke akiba. Nikasema nani anatunza kwato za ng'ombe aliyekufa. Ya zamani tukamwachia, akatupunguzia bei. Nilitoka mle dukani nikitembea mbele yako.

Nyumbani ukafungua, ukafunga, una hasira lakini kazi yako safi. Babu yako ameshakaa, pedi iko mkononi, amevaa na kofia. Ukawasha. Feni ikaunguruma kama mashine ya kusaga. Taa ikawaka. Tivii nyeusi. Tukangoja. Nyeusi. Babu yako akabonyeza pedi taratibu, akasema, "Songambele amelala?"

Ukasema prosesa hii haina cha kutoa picha, na kadi ya picha tukinunua, pawa saplai haitaiweza, nayo tutanunua nyingine. Ukasema, "Bibi, twende turudishe sasa hivi. Hajafunga duka. Ameniambia kabisa, kama haina mkwaruzo atabadilisha."

Nikakataa. Ulilia. Nikakataa. Hujawahi kujua kwa nini, ulidhani ni ukaidi wa uzee. Kaa chini nikuambie.

Baba yangu, kule tulikotoka kabla ya kuhamia huku Katavi, alinunua ng'ombe mtamba mnadani. Kwetu muuzaji anakukabidhi kamba mkononi mbele ya watu. Ukishaishika, ukamtoa mnyama nje ya uzio, ni wako. Akiwa kipofu ni wako. Akianguka mbele ya uzio akafa ni wako. Mtu anayerudisha kamba si mwanaume. Basi baba alifika nyumbani akamsikia yule mtamba anakohoa. Akamtenga na wengine, mnada uliofuata akamrudisha. Mwenye mtamba akampokea kwa matusi, watu wakashika matumbo kwa kicheko, na kuanzia siku ile baba yangu hakuwa na jina lingine: Kamba Mbili. Mpaka wazee wa kanisa walikuwa wanajisahau wanamwita hivyo.

Mimi nilikuwa binti wa kuteka maji. Kisimani wenzangu wakaniimbia, "Binti Kamba Mbili, ukiolewa utarudishwa." Wanacheka, wanapiga ndoo. Nikaapa kwamba mimi kitu nikishakishika sitakirudisha, hata kiniue. Na siku za mnada nikawa natembea nyuma ya baba, mbali, ili watu wasijue natoka kwake.

Yule mtamba alikufa bomani kwa aliyemuuza, na ng'ombe wa boma lile wakafuata, mmoja mmoja. Wetu hakukohoa hata mmoja. Watu wote waliona. Hakuna aliyekuja kumwambia baba yangu kwamba alikuwa sahihi. Na mimi mwanawe, niliyekunywa maziwa ya wale ng'ombe aliowaokoa, sikumwambia. Alizikwa na lile jina.

Kwa hiyo wewe uliposema turudishe, mimi sikusikia sauti yako. Nilisikia ndoo zinapigwa kisimani.

Nikasema kimeshaingia ndani ya uzio, hakirudi, na mtu asikiguse. Nikaifunika kompyuta na kitambaa changu cha kufuma, kile cha maua mekundu, kama nimeiwekea pazia la msiba.

Hayo yote ungenisamehe, nakujua. Kilichokutoa humu ndani ni Jumapili.

Watu wakaja kama kawaida. Mama Shija akaona kitambaa. "Mama Mkubwa, leo hakuna mpira? Kompyuta ina nini?"

Nami nikajibu, bila hata kumeza mate, "Muulize fundi wenu huyo. Ameichokonoa mpaka ameiua. Sasa babu yake anaangalia ukuta."

Ulikuwa unaingia na sinia la vikombe. Ulisimama. Nilikuona ukinitazama, nami nikainama natafuta kitu chini ya kiti ambacho hakikuwepo. Hukunibishia mbele za watu. Uliweka sinia, ukasema, "Karibuni chai." Ukamimina, kikombe changu ukaanza nacho. Watu walipotoka uliosha vyombo, ukavikausha, ukavipanga. Kesho yake ukabeba nguo zako ukasema umepata chumba karibu na kazi. Nikasema, "Nenda." Nilisema hivyo kwa sababu ningeongeza neno moja ningelia.

Babu yako aliendelea kukaa mbele ya tivii nyeusi na pedi yake. Namwambia njoo barazani, anasema namsubiri mchumba. Baadaye akawa anaisahau kitandani. Baadaye nikaihifadhi kabatini kwa sababu ilikuwa inanitazama. Vidole vimejikunja sasa, umeviona leo. Kile kifungo cha chini namfunga mimi. Siku moja ninamfunga akaniambia, kwa ule ulimi wake mzito, "Wewe ulitaka kubwa." Maneno hayo tu. Hajayarudia, na mimi nikamalizia kifungo.

Umemkuta vile asubuhi hii, umempa mkono wa kushoto, hukusema kitu. Ungenitukana ningeona nafuu.

Sasa nikuambie nilichofanya, halafu niache kukuchosha.

Juma lililopita nilitoa kitambaa. Nikamwita fundi wa redio hapo jirani aifungue kwa uangalifu, akaitoa ile prosesa. Niliposhika nilishangaa. Kubwa kubwa yangu yote ile inaenea kwenye kiganja! Nikaifunga kwenye kanga, nikaenda dukani kwa miguu, mchana watu wakiwepo. Njiani nikawa namwambia baba yangu, haya mzee, leo tunatembea pamoja.

Yule baba mwenye duka alinikumbuka. Nikamwambia, "Nimeleta kamba." Hakunielewa. Nikasema, "Mjukuu wangu alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa mjinga. Naomba nirudishe."

Akaigeuza, akaniangalia kwa huruma. "Bibi, ungekuja siku ile ile. Sasa siwezi, muda umepita sana."

"Hata kwa ile ya zamani?"

"Ile niliuza siku nyingi."

Nikamshukuru. Alinipa soda, nikainywa pale pale kwenye stuli, mbele ya wateja, na hakuna aliyecheka. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote, Kabula. Hakuna aliyecheka. Kicheko nilichokikimbia maisha yangu yote hakikuwepo. Pengine hata siku ile na wewe hakingekuwepo.

Jumapili nikamkamata Mama Shija mlangoni pa kanisa, mbele ya wenzake. "Mama Shija, ile siku ya kompyuta nilikudanganya."

"Siku ipi? Wewe umenidanganya siku nyingi."

"Ya Kabula. Hakuiua yeye. Niliinunua mimi, kwa kiburi, yeye akinikataza. Nikamsingizia."

Akajishika mdomo. Halafu akasema, "Na mimi nikaenda nayo mpaka kisimani." Unamjua mdomo wake. Nikamwambia basi rudi nayo kisimani kwa njia ile ile, nyumba kwa nyumba, na usiruke hata moja. Amezunguka. Jana mke wa katekista ameniuliza kama ni kweli, nikamwambia ni kweli. Naona aibu, sikufichi. Lakini ni aibu yangu sasa, siyo yako. Ilikuwa imekaa kwa mtu asiye wake.

Nilitaka nikuambie haya leo asubuhi. Niliyapanga mdomoni tangu Jumapili. Ulipokataa kiti nikayameza, nikakuuliza kama umebeba sweta.

Mwanangu, huko Dodoma unaenda kuchagua vitu kwa ajili ya watu. Utakutana na mimi wengi. Tutakuja na hela zetu kwenye fundo, hatujui kitu, na tutauliza ipi kubwa. Usituache kwenye stuli. Tuulize kwetu tunafanya nini, nani anakaa mbele ya hiyo kompyuta, mkono wake ukoje. Tutajibu, tunapenda kuulizwa. Na tukikataa ukweli wako mbele za watu, usimimine chai ukanyamaza kama ulivyonimiminia. Nilikulea uwe na adabu, ukawa nayo, na mimi nikaitumia adabu yako kama kichaka cha kujifichia. Hilo najuta kuliko ndama, kuliko hela. Siku nyingine nibishie. Nitafura, nitapiga meza, halafu nitazoea.

Na siku ikifika wewe ndiye mzee mwenye hela, na mtoto ndiye anajua, nikumbuke nilivyosimama kwenye lile duka.

Prosesa iko humu kwenye mfuko, chini ya michembe, nimeifunga kwa pamba na karatasi. Nimeambiwa huko mjini kuna watu wanaozitaka, wenye kadi zao na mashine zao kubwa. Iuze. Kwa hela itakayotoa, ununue ile ndogo, yenye picha ndani, isiyo na joto, inayoelewana na bodi yetu. Au ununue nyingine kabisa, maana huenda mambo yamebadilika. Chagua wewe. Usinipigie kuniuliza, na nikikupigia kukuuliza, kata simu.

Babu yako ameamka. Ananiuliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia namwandikia mke mwenzangu. Anasema nikuulize kama lile lori bado liko darajani, au wamelitoa. Uliwahi kuniambia gemu inakumbuka mahali ilipoachwa. Nimemwambia liko pale pale, linamsubiri mtu wake. Amefungua kiganja kidogo. Sijui kama amefungua au nimeona tu nilivyotaka kuona.

Sasa sikia. Krismasi kazini wakikupa ruhusa, njoo. Ukifika usisimame mlangoni, na usije jikoni kunisalimia kwanza, salamu yangu itangoja. Pita moja kwa moja sebuleni. Kitambaa nimeshakitoa. Pedi nimeirudisha kwenye kiti chake. Fungua, funga, washa, mwekee mkono wa kulia, siyo wa kushoto. Akiidondosha usimwokotee haraka, mpe nafasi. Mimi nitakuwa jikoni nachemsha chai ya wake wote wawili, na sitakuja kuchungulia, hata mkikaa mpaka chai ipoe. Niite Songambele akishavuka daraja.

Bibi yako